Shule ya Bahari ya Aberdovey

Ewe msomaji, kama umepata kusimama ufukoni Lamu au Mombasa ukitazama mashua ikirudi kutoka kuvua, huenda ulimwona kijana wa umri wako ameshika kamba ya tanga, na mzee ameketi kimya karibu na usukani. Mzee huyo ni mwalimu, ijapokuwa hana ubao wala chaki. Katika pwani yetu kazi ya kuwafundisha vijana kusafiri kwa tanga ni ya kale sana, na mtoto huipokea kwa baba yake au kwa nahodha wake. Sasa nataka nikueleze jinsi kazi hiyo ilivyokuwa msingi wa shule katika nchi ya mbali, na msiba uliosababisha shule hiyo ianzishwe.

Kurt Hahn alizaliwa Berlin mwaka 1886, katika jamaa ya Kiyahudi. Mwaka 1920 alishiriki katika kuanzisha shule ya Salem, kusini mwa Ujerumani. Wanazi waliposhika serikali mwaka 1933, Hahn alitiwa kifungoni, kwa kuwa alikuwa amewapinga waziwazi. Alipofunguliwa alihamia Uingereza, na mwaka 1934 akaanzisha shule ya Gordonstoun huko Scotland, karibu na bahari. Aliamini kwamba shule nyingi hulisha akili za vijana, lakini huacha ushujaa wao na huruma yao vikae na njaa. Kwa hiyo wanafunzi wake walifundishwa kazi za chomboni pamoja na masomo ya vitabu.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Nyambizi za Kijerumani zilizamisha meli nyingi za biashara katika bahari ya Atlantiki, na mabaharia waliookoka walilazimika kukaa siku nyingi ndani ya mashua ndogo za kuokolea, katika baridi na kiu. Huko Liverpool alikuwapo mwenye meli mmoja, jina lake Lawrence Holt. Yeye alisadiki kwamba mabaharia vijana, wenye nguvu na afya, walikufa upesi kuliko wazee waliolelewa katika merikebu za matanga. Alisema kwamba mzee aliijua bahari na alijijua mwenyewe, hali kijana aliyezoea meli za mashine alikata tamaa mapema.

Yapasa uangalie hapa, msomaji. Hayo yalikuwa maoni ya Holt, wala hayakuwa hesabu iliyopimwa. Yawezekana wazee waliokoka kwa sababu nyingine pia, kama vile kuzoea kazi na kujua kugawa maji na chakula. Mwanafunzi wa historia hana budi kutenganisha jambo lililotendeka na jambo lililosadikiwa. Hata hivyo, lililosadikiwa nalo huweza kuzaa matendo makubwa, na ndivyo ilivyokuwa.

Hahn na Holt walishirikiana, na mwezi wa Oktoba 1941 shule yao ilifunguliwa Aberdovey, kijiji kilichoko Wales, mahali mto Dyfi unapoingia baharini. Waliiita Outward Bound, na maana yake ni chombo kinachotoka bandarini kwenda safari. Mafunzo yalichukua majuma manne hivi. Walikuja mabaharia wanafunzi, vijana wa viwandani na wanafunzi wa shule, wakakaa pamoja bila ya kubaguana. Mwaka 1942 uongozi ulishikwa na Freddy Fuller, baharia aliyepata kukaa siku 35 katika mashua ya wazi baada ya meli yake kuzamishwa. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kusoma kitabu ili aeleze kwa nini kamba hukunjwa vizuri.

Wadhani mwalimu wa tanga hufundisha nini? Kwanza hufundisha upepo. Hakuna chombo cha tanga kiwezacho kwenda moja kwa moja kuuelekea upepo. Lazima kipige bisho, mara huku mara huko, hata kifike. Kijana mwenye haraka huona ni kupoteza wakati, lakini bahari haina ufalme wa kumpendelea. Pili hufundisha utii, kwani manahodha wengi chombo huenda mrama. Tatu hufundisha kwamba mashua ndogo ikipinduka, usiiache ukaogelea kuelekea nchi kavu. Ishike, kwa maana mashua huonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu.

Lakini lililo gumu kuliko yote humhusu mwalimu mwenyewe. Kijana akikosea, mkono wa mwalimu hutamani kunyakua usukani. Akiunyakua kila mara, mwanafunzi hatajifunza kamwe. Akichelewa kuunyakua penye hatari ya kweli, roho zitapotea. Kupima baina ya hayo mawili ndiyo kazi yake yote.

Vita vilikwisha mwaka 1945, lakini shule haikufungwa. Mwaka 1950 ilifunguliwa nyingine ya milimani huko Eskdale, Uingereza, na mwaka 1951 wasichana nao walipata mafunzo yao. Katika miaka hiyo ya 1950 mbegu hiyo ilifika kwetu Kenya, ikapandwa Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko mlima ulichukua mahali pa bahari, lakini nia ilikuwa ile ile: kijana akutane na jambo lililo kubwa kuliko yeye, na asikimbie.

Basi ukipita tena ufukoni, mtazame yule mzee kimya karibu na usukani. Wageni walihitaji vita na vifo vingi ili watambue thamani ya kazi yake. Wewe unaye karibu, na elimu yake haijaandikwa yote vitabuni. Mwulize angali hai.