Mvumo Usio na Maneno: Kutoka Manyovu Hadi Mashamba ya Mkonge



Huenda unaposoma haya, mama wa nyumba yuko jikoni anakuna nazi, na puani mwake watoka mvumo wa kasida aliyoizoea tangu utotoni. Midomo imefumba, maneno hayasikiki, lakini nyumba nzima yajua ni kasida gani. Mwenyewe hana habari. Ukimwuliza atacheka, atakwambia hakuwa akiimba kitu. Jambo dogo kama hilo ndilo nilitakalo tuzungumze leo, kwa sababu miaka mingi iliyopita nalilikemea kwa mtu aliyenizidi umri na subira, na mpaka leo naona haya.

Mwaka 1986 nalikwenda Manyovu kusomesha watoto Qur'ani. Kwa msomaji wa pwani asiyepajua, Manyovu iko katika nyanda za juu za Kigoma, mpakani na Burundi. Siku hizo ilikuwa katika wilaya ya Kasulu, na tangu mwaka 2012 imo katika wilaya ya Buhigwe. Ni nchi ya Waha, nchi ya milima, migomba, kahawa na maharage, na asubuhi ukungu hushuka hata jirani yako humwoni. Mimi mtoto wa Pangani nalitetemeka mwezi mzima wa kwanza.

Palikuwa na mzee mmoja akija kuswali nasi Alasiri. Akimaliza hukaa barazani kungoja Magharibi, akisokota kamba, na kamba ikienda, mvumo nao waenda. Sauti ile ile moja, yapanda kidogo, yashuka, yarudi ilikoanzia. Siku moja nikatoka nikamwambia mbele ya watoto, "Mzee, hapa ni msikitini, si ngomani." Akanyamaza. Hakunijibu neno. Siku mbili hakuonekana, na siku ya tatu alipokuja alikaa mbali, chini ya mwembe. Ikanibidi nimfuate.

"Mwalimu," akaniambia, "ule si wimbo wa ngoma. Mama yangu alikuwa akiuvumisha anapokama ng'ombe. Mimi nalikwenda nao mkongeni, na ndio ulionirudisha."

Mkongeni! Basi mzee huyu alikuwa manamba, na huenda alipita nyuma ya mji wetu mimi sijazaliwa bado.

Hapa yanipasa nirudi nyuma kidogo, maana vijana wa leo hawayajui haya. Mkonge si mmea wa kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Iliagizwa miche 1,000 kutoka Florida kule Marekani, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yakatokea mashamba yaliyoijaza Tanga, Korogwe na Morogoro, na mashamba yakataka mikono. Watu wa pwani hawakuipenda kazi ile ya miiba. Serikali za kikoloni nazo zilitoza kodi, na mtu wa bara asiye na zao la kuuza alikuwa na njia moja tu ya kuipata fedha ya kodi, nayo ni kuuza nguvu zake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na nchi ya Waha ikawa ghala la wafanyakazi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kukusanya watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mtu akiandikishwa hupewa namba, na kwa namba hiyo ndipo lilipotoka jina la manamba. Kazi yenyewe ilihesabiwa kwa kipande. Siku thelathini za kazi zilizokamilika, ndani ya siku arobaini na mbili, ndipo ulipwe. Siku uliyougua haikuhesabiwa.

Kutoka Kigoma hadi pwani ni kilomita 1,250 hivi kwa reli, na reli ya Tanga haikuunganishwa na Reli ya Kati mpaka mwaka 1963. Kwa hiyo watu hawa waliteremshwa njiani, wakamalizia safari kwa malori. Nasi watoto wa Pangani tulilifanya jina la manamba kuwa tusi. Mwenzetu akivaa nguo iliyochanika, tukimwita manamba. Sikumbuki mzee hata mmoja aliyetukataza.

Mzee wangu wa Manyovu alinieleza kwamba ndani ya behewa usiku, watu wa vijiji mbalimbali wasiojuana, mmoja alianza kuvumisha. Baadaye wa pili akaingia, na wa tatu. Shambani nyapara hakutaka mazungumzo, lakini mtu aliyefumba midomo utamkamata kwa kosa gani? Wakikata majani, wakifunga matita, mvumo ulikwenda mstari kwa mstari. Nikamwuliza kwa nini hawakuimba maneno usiku kambini, ambako nyapara hayupo. Akafikiri kidogo, akasema, "Maneno yalitutoa machozi, Mwalimu. Mle mna jina la mama na jina la mlima. Mvumo haukututoa machozi."

Msomaji, nimelifikiri jibu hili kwa miaka karibu arobaini, na naona halijapitwa. Mtu mwenye dhiki akiuchukua wimbo anaoujua akauvua maneno, huubakisha ule ukawa wake tu. Sauti ya nyumbani anayo, na kidonda hakiguswi. Ndiyo maana mvumo wa kutuliza huwa ni wa wimbo wa zamani, uliozoeleka hata hauhitaji kukumbukwa. Wimbo mpya haufai kwa kazi hii, maana akili itahangaika kuutafuta.

Nchi ile ya milima yajua sana thamani ya sauti ndogo. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, kuna chombo kiitwacho inanga, ubao mrefu uliochongwa ndani kama sinia na kutandikwa nyuzi. Mpigaji wake haimbi kwa sauti kuu kama waimbaji wetu wa taarabu. Hunong'ona. Nyuzi ndizo zilizobeba sauti, naye anapitisha pumzi yake juu yake, hata msikilizaji hajui ni mtu au ni ubao unaosema.

Na kimya cha kulazimishwa nacho kina historia yake huko. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipokuwa akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, alipita nchi ya Waha. Wakubwa wa nchi wakamtoza hongo ya nguo, na akienda kidogo akatozwa tena, hata akaona atafika Ujiji mikono mitupu. Akaamua kupenya porini usiku kwa siri, na amri ikatolewa kwamba isisikike sauti ya mtu. Wapagazi wale walikuwa watu wa kuimba njia nzima, mizigo kichwani, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Hebu fikiri uzito wa mzigo usiku ule usioimbiwa.

Sasa utaniuliza, je, dini yasemaje? Naliuliza mimi mwenyewe, baada ya kumkemea mzee wa watu, na ilifaa niulize kabla. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Masahaba walichimba kwa njaa na baridi huku wakiimba mashairi ya kazi, na Mtume (S.A.W.) alikuwa nao akibeba udongo na kuyatamka pamoja nao. Imepokewa vilevile katika Bukhari na Muslim habari ya Anjasha, aliyekuwa akiwaimbia ngamia waliowabeba wanawake. Sauti yake iliwakimbiza ngamia mno, na Mtume (S.A.W.) akamtaka aende polepole, akiwafananisha wanawake wale na vyombo vya kioo. Hakumwambia nyamaza. Alimwambia taratibu. Mimi kwa mzee wangu nalianza na nyamaza.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijra (1111), ana mlango mzima juu ya usikivu katika Ihya yake. Anasimulia humo habari ya mtumwa mwenye sauti nzuri ambaye ngamia zake, zikiwa na mizigo mizito, zilikata safari ya siku tatu kwa usiku mmoja, na zilipotuliwa mizigo zikafa. Maulamaa wamehitilafiana sana katika nyimbo na ala, wala si kazi ya ukurasa huu kuwaamua. Lakini wimbo wa msafiri na wa mwenye kazi nzito, usio na maneno machafu, wengi wao hawakuupigia kelele. Mpaka upo. Wakati wa khutba nyamaza. Ndani ya swala usivumishe kitu. Na aya za Qur'ani si za kuvumishwa ovyo mtu akiosha vyombo, zina heshima yake.

Waganga wa leo nao wana neno. Mtu anayevumisha hutoa pumzi polepole kwa muda mrefu, na pumzi ndefu ya kutoka huupunguza mwendo wa moyo. Mwaka 2002 watafiti wawili wa Sweden walipima hewa ya puani wakaona kwamba mtu akivumisha, gesi iitwayo naitriki oksaidi hutoka mara 15 kuliko akipumua kimya. Gesi hiyo huipanua mishipa ya damu. Wao hawakusema kwamba huondoa huzuni, wala mimi sisemi.

Nalikuwapo bado Manyovu mwishoni mwa mwaka 1993, Rais Ndadaye wa Burundi alipouawa na watu wakamiminika kuvuka mpaka, kama walivyomiminika wazazi wao mwaka 1972. Wengine waliingia kwetu usiku, wanawake na watoto migongoni. Tuliwapa tulichokuwa nacho, viazi na uji. Nakumbuka barazani pale, mahali pale pale nilipomkemea mzee, mama mmoja aliyekaa akiyumba na mtoto wake. Hakutaka kuzungumza na mtu. Kutoka puani mwake ulitoka mvumo mdogo, na mtoto akalala. Mwanafunzi mmoja mkubwa akanitazama, maana alikuwapo siku ile ya kukemea. Nikamwambia alete mkeka mwingine.

Mzee alikwisha kufariki mwaka mmoja kabla ya hapo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baada ya mazungumzo yetu alirudi barazani na kamba zake, kila Alasiri, huku watoto ndani wakisoma hijai kwa sauti zao zile za kuvuta, alifu fat-ha, alifu kisra, alifu dhumma. Yeye hakujua kusoma, na alisema macho yake yamechelewa. Miezi yake ya mwisho naliutega sikio mvumo wake nikaona umebadilika. Ulianza kwa ng'ombe wa mama yake, ukapanda, na uliposhuka ulishukia katika hijai ya watoto, mara tatu, kisha ukarudi kwa ng'ombe.