Lugha na Riziki katika Ukambani: Kitui na Makueni

Kila zitajwapo Kitui na Makueni katika hotuba na magazeti ya Kenya, ukame ndio utanguliao, njaa ikafuata, na msaada wa serikali ukaja mwisho, kana kwamba nchi hiyo haina taarikhi nyingine ila ya kungoja mvua na kupokea mahindi ya bure. Makala haya yanakusudia kuipinga dhana hiyo kwa hoja moja, nayo ni hii: kwamba riziki ya Wakamba wa kaunti hizo mbili imesimama tangu zamani juu ya mashauri ya majirani wakaao pamoja na kuzungumza kwa lugha yao, na kwamba miradi iliyopitia katika mashauri hayo imedumu, ilhali ile iliyoteremshwa kwa amri imevunjika, hata ilipokuwa na fedha na wataalamu hodari nyuma yake.

Nchi na mvua yake

Kitui ni pana mno, eneo lake likiwa kilomita za mraba zipatazo 30,000, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 1,136,187. Makueni, iliyokatwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka 1992, ina kilomita za mraba zipatazo 8,000 tu, lakini watu wake walikuwa 987,653. Sehemu kubwa ya mpaka baina yao ni Mto Athi. Upande wa Makueni kuna vilima vya Mbooni na Kilungu, vyenye baridi na rutuba, ambavyo wakaazi wake tangu kale wamelima kwa kubanana. Na upande wa Kitui ardhi huteremka taratibu kuelekea mashariki hata ikawa nyika ya miiba, ya mizinga ya nyuki na mifugo.

Mvua hunyesha misimu miwili, ya masika na ya vuli, wala msomaji wa pwani asidhani kwamba masika ya huko ni kama ya kwao. Kwa mkulima wa Kitui vuli, yaani mvua ya kuanzia Oktoba hata Desemba, ndiyo ya kutumainiwa, na masika aghalabu humhini. Kwa sababu hiyo wengi hupanda mbegu katika udongo mkavu kabla ya tone la kwanza, ili isipotee hata siku moja ya unyevu, na huchanganya mtama na mawele, kunde na mbaazi, na pojo ambazo huko huitwa ndengu, kusudi kikikosa hiki kipatikane kile. Mahindi, ambayo watu huyapenda kwa isyo na muthokoi, yanataka maji zaidi ya yale ambayo nchi huyatoa kwa uhakika, na hata mbegu ya Katumani, iliyozalishwa Machakos katika miaka ya 1960 ili iwahi kukomaa, haikuliondoa tatizo hilo, ila imelipunguza.

Safari kama sehemu ya kilimo

Mtu aishiye katika nchi kama hiyo hawezi kutegemea konde peke yake, na Wakamba hawakulitegemea. Kabla ya misafara ya Waarabu na Waswahili kuizoea njia ya bara ya Mombasa, Wakamba wenyewe ndio waliokuwa wakiteremka na pembe za ndovu hata Rabai na Mombasa, wakarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Mashuhuri wao alikuwa Kivoi, tajiri wa Kitui, ambaye ndiye aliyempokea kwake mmisionari Johann Ludwig Krapf, na ni huko Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, ambako Krapf aliona kileleni theluji ya mlima ambao jina lake, kwa matamshi aliyoyasikia kwa wenyeji wake hao, limekuwa jina la dola nzima. Kivoi aliuawa na wanyang'anyi mwaka 1851 karibu na Mto Tana, katika safari aliyofuatana na Krapf huyo huyo.

Biashara ile ilipofifia, safari haikukoma, bali ilibadili sura. Reli iliyotoka Mombasa ilipita katika nchi ambayo leo ni Makueni mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ikaacha vituo vya Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, na kingine kilichoitwa Sultan Hamud kwa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja. Na ujenzi wake uliandamana na Yua ya Ngomanisye, njaa ambayo pamoja na ndui na sotoka ya ng'ombe iliangamiza watu na mifugo isiyo na hesabu. Tangu hapo vijana wa Ukambani wamekwenda kwa wingi jeshini na polisi, katika mashamba ya mkonge, bandarini Mombasa na viwandani Nairobi, wakipeleka nyumbani ujira ulionunua mbuzi, ukajenga nyumba, ukasomesha watoto. Hata uchongaji wa vinyago, ambao wageni huudhani ni sanaa ya kale ya kabila, ni tunda la safari: Mutisya Munge wa Wamunyu, katika Machakos, aliupata ujuzi huo Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ushirika mkubwa wa wachongaji Wakamba ukaja kuanzishwa Changamwe, Mombasa.

Lakini ujira peke yake haushibishi. Wakati wa njaa ya mwaka 1984, ambayo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, wako walioshinda na fedha mkononi bila ya kupata nafaka ya kununua, na msiba ule ulidhihirisha kwamba safari humsaidia mkulima, lakini haiwezi kuwa badala ya shamba.

Amri na mashauri

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilihukumu kwamba nchi ya Ukamba inakufa. Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo, aliandika taarifa mwaka 1937 akieleza vilima vya wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, kuwa vimemomonyoka kupita kiasi. Na dawa iliyochaguliwa ikawa ni kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikingoja huko Athi River. Wakamba hawakukana kwamba udongo unakwenda na maji, ila walikataa kunyang'anywa mali iliyokuwa mahari yao, akiba yao na bima yao dhidi ya njaa. Mwezi Julai 1938, wakiongozwa na Muindi Mbingu na Ukamba Members Association, walikwenda Nairobi wanaume, wanawake na watoto, wakapiga kambi wakitaka kumwona Gavana Brooke-Popham. Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha amri ile iliondolewa.

Fauka ya hayo, udongo uliokuwa umekatiwa tamaa uliokoka, na haukuokolewa na amri. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichochunguza wilaya ya Machakos, pamoja na Makueni yake, kuanzia miaka ya 1930, wakaonyesha kwamba watu waliongezeka karibu mara sita na mmomonyoko ukapungua. Matuta membamba yaliyolazimishwa na wakoloni yaliachwa. Yaliyopendwa ni yale ya fanya juu, ambayo mkulima hutupa udongo upande wa juu wa mtaro, na mvua ikalisawazisha konde lenyewe mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ilifanywa na mwethya, yaani kundi la majirani, wengi wao wanawake, walimao kwa huyu leo na kwa yule kesho. Ni haki kukiri ya kwamba soko la Nairobi na ujira wa mjini vilisaidia pakubwa. Lakini soko halimwambii mtu wapi pa kuchimba mtaro, wala ni zamu ya nani.

Ushahidi wa pili ni mabwawa ya mchanga. Mito ya Ukambani hufurika siku chache, kisha ikakauka. Basi watu hujenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba wa mto, mafuriko yakaleta mchanga nyuma ya ukuta huo, na maji yakajificha ndani ya mchanga ambako jua haliwezi kuyanyonya kwa urahisi. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni waliianza kazi hiyo mwaka 1978, na huko Kitui shirika la SASOL limejenga mamia ya mabwawa tangu miaka ya 1990, kwa sharti kwamba wanakijiji watoe mawe, mchanga na nguvu zao. Mchanga huo huo ndio ambao wafanyabiashara huuzoa kwa malori kuupeleka kwenye majengo ya Nairobi, na hapana sheria iwezayo kuulinda ikiwa walio kando ya mto hawajakubaliana wenyewe.

Lugha ya mashauri hayo

Hapa ndipo lugha iingiapo katika hesabu ya uchumi, kwa kuwa majirani hao hushauriana kwa Kikamba. Kikamba ni jamaa wa karibu wa Kigikuyu, Kimeru na Kiembu, na ni ndugu wa Kiswahili vilevile: anayesema maji atalitambua neno manzĩ, na anayesema njia atalitambua nzĩa, ingawa irabu saba za Kikamba humtatiza aliyezoea tano. Biashara imekitia maneno ya pwani kama mbesa na nduka, wala hakikudhoofika kwayo. Tangu Krapf alipoipiga chapa Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, lugha hiyo imepata Agano Jipya mwaka 1920 na Biblia nzima mwaka 1956, na imezaa waandishi, akiwemo John Mbiti wa Mulango, Kitui, aliyeandika hadithi kwa Kikamba kabla ya kujulikana duniani. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alichukua nyakati za vitenzi vya Kikamba kuwa ushahidi kwamba Mwafrika wa jadi hakuufikiria mustakabali wa mbali. Rai hiyo, kwa heshima zote, haimwafiki mkulima wa Makueni anayepanda mwembe na kuchimba tuta ambalo mwanawe ndiye atakayelifaidi zaidi.

Wako watakaopinga hoja yangu kwa sababu mbili. Watasema kwanza kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha za soko na ofisi, na kumshikilia mtoto katika Kikamba ni kumfungia mlango. Taarikhi niliyoieleza inawajibu: watu hawa wamekuwa wakisema Kiswahili barabarani na Kikamba nyumbani tangu zama za pembe za ndovu, na elimu ya moja haikuwanyima nyingine. Watasema pili kwamba kuikuza lugha ya kabila ni kuamsha ukabila. Lakini Katiba ya mwaka 2010, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, iliiamuru dola katika ibara hiyo hiyo ya saba izilinde lugha za wananchi wote; na tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 sera ya elimu imekubali kwamba mtoto wa shamba aanze kusoma kwa lugha ya mahali pake.

Wala jambo hili si la Afrika pekee. Galicia ya mashariki, jimbo la wakulima wasemao Kiukraini lililokuwa chini ya Austria hata mwaka 1918, lilisifika kwa ufukara, na watu wake walihamia Kanada kwa maelfu. Jumuiya ya Prosvita, iliyoasisiwa Lviv mwaka 1868, ilifungua vyumba vya kusomea vijijini, na humo wakulima walijifunza kwa lugha yao mambo ya mbegu, mikopo na ushirika, hata vikatokea vyama vya ushirika vya maziwa vilivyouza siagi nje ya nchi. Waliosoma humo hawakujitenga na dunia. Waliiingia wakijua hesabu zao.

Ugatuzi na wajibu wetu

Tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, nafasi ya wanakijiji kushauriana kwa namna hiyo imefunguka. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilijipatia sifa kwa kuanzisha mashauri ya bajeti kuanzia kijijini, na kiwanda cha maembe cha Kalamba kilianza kazi mwaka 2017. Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilihimiza kilimo cha ndengu, ikaanzisha kiwanda cha nguo cha Syongila, na mwaka 2018 ikapiga marufuku biashara ya makaa nje ya kaunti. Ninaihesabu marufuku hiyo kuwa mfano wa haki ya nia na udhaifu wa njia, kwa kuwa mti haulindwi na kizuizi cha barabarani ikiwa nyumba iliyo karibu nao haina riziki nyingine na haikuulizwa. Ilhali mwembe wa Makueni unalindwa na mwenyewe.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba Kikamba kihesabiwe miongoni mwa mali za uzalishaji za Kitui na Makueni, sawa na mto na udongo. Bajeti, utabiri wa mvua, mashauri ya kilimo na mikataba ya mchanga na madini viandikwe na kujadiliwa kwa lugha hiyo, sambamba na Kiswahili. Na Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopo Kwa Vonza katika Kitui yenyewe, kichukue wajibu wa kusanifu istilahi zitakazohitajika. Wataalamu wa Kiswahili nasi tusione wivu: lugha ya taifa haipungukiwi na kitu mkulima anapoelewa kwa ukamilifu jambo analotakiwa kulipigia kura, kulilipia kodi na kulitolea jasho.