Waandishi chipukizi nchini Tanzania

Mwandishi chipukizi ni mtu aliyeanza kutunga hadithi, riwaya, mashairi au tamthilia lakini bado hajachapisha kitabu, au amechapisha kimoja tu. Nchini Tanzania waandishi wa aina hii hupata nafasi ya kujulikana kwa njia kuu tatu: tuzo na mashindano ya uandishi, kampuni za uchapishaji wa vitabu, na kurasa za magazeti na majarida. Makala hii inaeleza historia ya njia hizo, tuzo zilizopo, utaratibu wa kuchapisha kitabu, haki za mwandishi na mahali pa kujifunzia, pamoja na hali ya mwandishi aliye mbali na Dar es Salaam, kwa mfano wa mji wa Songea katika Mkoa wa Ruvuma.

## Historia

Kabla ya vitabu kuenea, watunzi wengi walianzia magazetini. Gazeti la *Mambo Leo*, lililoanzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi yaliyotumwa na wasomaji kutoka kila upande wa nchi. Makarani, walimu na wakulima walijibizana humo kwa beti, na wengine wakapata jina bila kuwa na kitabu.

Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja. Kamati hiyo ilikuwa pia na jukumu la kuwatia moyo waandishi wenye asili ya Kiswahili. Mwaka 1948 ilifuata Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao makuu Nairobi. Idara hii iliendesha mashindano ya kutunga hadithi. Katika shindano la 1957-58 mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na hadithi yake ya upelelezi, *Mzimu wa Watu wa Kale*, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Huo ni mfano wa mapema wa shindano lililomtoa mwandishi mpya na kumpa wasomaji wa kudumu.

Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania (UKUTA) kilianzishwa mwaka 1959. Baada ya uhuru Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Tanzania Publishing House ilianzishwa mwaka 1966, na kwa muda ilikuwa mchapishaji mkubwa wa vitabu wa serikali. Katika kipindi hicho walijitokeza waandishi vijana waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Ebrahim Hussein, aliyetoa tamthilia ya *Kinjeketile* mwaka 1969, na Euphrase Kezilahabi, aliyetoa riwaya ya *Rosa Mistika* mwaka 1971.

Uchumi ulipodorora katika miaka ya 1980, karatasi ilikuwa adimu na miswada mingi ilikaa miaka bila kuchapwa. Kampuni binafsi zilianza kujaza pengo hilo. E & D ilianzishwa na waandishi na wahariri Elieshi Lema na Demere Kitunga. Mkuki na Nyota ilianzishwa mwaka 1991 na Walter Bgoya, aliyewahi kuongoza Tanzania Publishing House. Mwaka huohuo ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliowafundisha waandishi na wachoraji na kununua sehemu ya nakala zilizochapwa ili zipelekwe katika shule za msingi.

## Tuzo na mashindano

### Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu

Tuzo hii huratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) chini ya wizara yenye dhamana ya elimu. Ilizinduliwa mwaka 2022, na washindi wa kwanza walitangazwa tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Julius Nyerere. Msimu wa kwanza ulihusu riwaya na ushairi. Baadaye ziliongezwa hadithi za watoto na tamthilia. Mshindi wa kwanza katika kila kundi hupewa shilingi milioni 10. Faida nyingine ni kwamba serikali huchapisha kazi zilizoshinda na kuzisambaza shuleni. Kwa mwandishi mpya hilo huweza kuwa na uzito kuliko fedha, kwa kuwa shule ndizo soko kubwa la vitabu vya fasihi nchini.

### Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell

Ilianzishwa mwaka 2014 kwa jina la Tuzo ya Mabati-Cornell na Lizzy Attree pamoja na Mukoma wa Ngugi, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani. Wafadhili wake wakuu walikuwa kampuni za mabati za Mabati Rolling Mills ya Kenya na ALAF ya Tanzania, ambazo ni za kundi la Safal. Jumla ya zawadi ilikuwa dola 15,000 za Marekani kwa mwaka. Tuzo ilipokea miswada ambayo haijachapishwa pamoja na vitabu vilivyotoka karibuni, ili mradi viwe vimeandikwa kwa Kiswahili. Miongoni mwa washindi wa mwaka wa kwanza walikuwa Anna Samwel Manyanza kwa riwaya ya *Penzi la Damu* na Mohammed Khelef Ghassani kwa diwani ya *N'na Kwetu*. Mwaka 2017 Dotto Rangimoto alishinda upande wa ushairi kwa diwani ya *Mwanangu Rudi Nyumbani*.

### Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein

Tuzo hii ilianza mwaka 2014 kutokana na urithi ulioachwa na mtengeneza filamu Gerald Belkin, na imepewa jina la mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein. Ni ya mashairi pekee, na mashairi yaliyochaguliwa yamekusanywa katika diwani. Inamfaa mtu ambaye bado hana mswada mzima.

### Mashindano ya nje ya nchi

Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za raia wa nchi wanachama, Tanzania ikiwemo. Hadithi huwa ya maneno kati ya 2,000 na 5,000, iwe haijachapishwa, na hakuna ada ya kushiriki. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazokubaliwa, hivyo si lazima mtunzi aandike kwa Kiingereza. Nchini Kenya kuna Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoanza mwaka 1974 na yenye kundi la vitabu vya Kiswahili.

Tuzo nyingi hazipokei kazi iliyokwisha kutolewa mahali pengine, na baadhi huhesabu hata kazi iliyowekwa mtandaoni kuwa imechapishwa. Kwa sababu hiyo masharti ya kila msimu husomwa kabla ya kutuma.

## Kuchapisha kitabu

Watu wengi huchanganya mchapishaji na mpigachapa. Mchapishaji huchagua mswada, huuhariri, hugharamia kazi yote, huuza kitabu na kumlipa mwandishi mrabaha, yaani sehemu ya mapato kwa kila nakala inayouzwa. Mara nyingi mrabaha huwa karibu asilimia 10. Mpigachapa ni mwenye mitambo. Hulipwa na yeyote anayeleta kazi, na hana wajibu wa kuhariri wala kuuza. Kampuni inayomtaka mwandishi alipe gharama zote huku ikijiita mchapishaji inatoa huduma ya kupiga chapa, hata kama mkataba wake unasema vingine.

Mwandishi anayejigharamia hubeba mwenyewe kazi za uhariri, usanifu wa jalada, uchapaji na uuzaji. Namba ya kimataifa ya kitabu (ISBN) hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Namba za vitabu vingi vya Tanzania hubeba kitambulisho 9976 au 9987.

Soko la vitabu vya shule limebadilika mara kadhaa. Tangu mwaka 1999 kamati maalumu ya ithibati ilikuwa ikipitisha vitabu vya kampuni mbalimbali. Kamati hiyo ilivunjwa mwaka 2013, na TET ikapewa kazi ya kuandaa kitabu kimoja cha kiada kwa kila somo. Wachapishaji binafsi walipoteza sehemu kubwa ya mapato yaliyokuwa yakiwawezesha kuthubutu kuchapisha riwaya ya mtu asiyejulikana. Vitabu vya ziada na vya fasihi vimebaki kuwa eneo ambalo mwandishi binafsi anaweza kuingia.

## Haki za mwandishi

Hakimiliki nchini Tanzania Bara inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Haki huanza kazi inapotungwa, na hudumu maisha yote ya mtunzi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake. Usajili katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) hauanzishi haki, bali husaidia kuithibitisha panapotokea mgogoro. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA.

Katika mkataba wa uchapishaji mambo manne huangaliwa zaidi:

* kiwango cha mrabaha, na kama kinahesabiwa kwa bei ya rejareja au kwa kiasi anachopokea mchapishaji;
* muda wa mkataba, na haki kumrudia mwandishi kitabu kisipochapwa tena;
* haki za tafsiri, redio, filamu na matoleo ya kielektroniki;
* tarehe za taarifa ya mauzo kila mwaka.

Haki za filamu zinaonekana ndogo wakati wa kutia sahihi, lakini zinaweza kuja kuwa na thamani. Riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, iliyochapishwa mwaka 1999, ilitengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Mwandishi aliyeuza haki zote kwa malipo ya mara moja hana dai lolote siku kama hiyo inapofika.

## Kujifunza uandishi

Shule za sekondari hufundisha uchambuzi wa fasihi zaidi ya utungaji wenyewe, hivyo watunzi wengi hujisomea. Kwa ushairi wa kimapokeo, kitabu cha msingi ni *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri* cha K. Amri Abedi (1954), kinachoeleza vina, mizani na beti. *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* cha Mulokozi na Kahigi (1979) kinatetea pia ushairi usiofungwa na vina. Kwa nathari kipo *Riwaya ya Kiswahili* cha Mlacha na Madumulla (1991). Kwa lugha, hutumika *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* iliyotolewa kwanza na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, na *Kamusi Kuu ya Kiswahili* ya BAKITA ya mwaka 2015.

Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, huambatana na makongamano ambako waandishi hukutana na wahariri. Mwaka huohuo wa 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Riwaya yake *Paradise* ilitafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la *Peponi* na kuchapishwa na Mkuki na Nyota.

## Hali katika Songea na Mkoa wa Ruvuma

Songea ni makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara kutoka Dar es Salaam, ambako ofisi za wachapishaji wengi zipo. Mwandishi wa Songea akitaka kuzungumza na mhariri ana kwa ana hulipa nauli ya basi kwenda na kurudi pamoja na malazi. Kutuma miswada kwa barua pepe kumepunguza mzigo huo, na baadhi ya tuzo hupokea kazi kwa njia hiyo, lakini mtunzi anayeandika kwa mkono bado anahitaji kulipia uchapaji wa kompyuta kabla ya yote.

Mkoa una historia yake ya vitabu. Watawa Wabenedikto wa Peramiho, misheni iliyoanzishwa mwaka 1898 magharibi mwa mji wa Songea, walikuwa na kiwanda cha uchapaji. Historia ya Wangoni iliyoandikwa na mmisionari Elzear Ebner ilitolewa na wachapishaji wa Ndanda na Peramiho mwaka 1987. Joseph Mbele, msomi wa fasihi simulizi kutoka Wilaya ya Mbinga, alikusanya ngano za Wamatengo na kuzitoa kwa Kiingereza katika kitabu cha *Matengo Folktales* (1999).

Hazina ya masimulizi ni kubwa kuliko vitabu vilivyopo. Mji una jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji, na Makumbusho ya Majimaji yapo mjini humo. Kumbukumbu za mashujaa hufanyika kila Februari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya ushuhuda wa wazee walioikumbuka vita hiyo. Wazee hao hawapo tena, na yanayosimuliwa sasa ni ya wajukuu na vitukuu. Ngano, methali na nyimbo za Kingoni, Kimatengo, Kindendeule na Kiyao nyingi bado zimo vichwani mwa watu tu. Mwandishi anayezikusanya anashauriwa kuandika jina la msimulizi, kijiji na tarehe, ili kazi yake iweze kutumika pia na watafiti.

Mjini Songea zipo shule kongwe za sekondari za wavulana na za wasichana, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake cha mkoa. Klabu za Kiswahili shuleni hubaki kuwa mahali ambapo vijana wengi husoma kazi zao mbele ya watu kwa mara ya kwanza.

## Tazama pia

* Fasihi ya Kiswahili
* Baraza la Kiswahili la Taifa
* Taasisi ya Elimu Tanzania
* Vita vya Majimaji
* Hakimiliki