Ufundi wa Rimu Mkoani Simiyu

Ufundi wa rimu ni kazi ya kunyoosha, kusafisha na kuchomelea rimu za magurudumu zilizopinda, zilizoliwa na kutu au zilizopasuka, ili zirudi barabarani. Katika mji wa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, na katika miji midogo ya Maswa, Mwanhuzi, Lamadi, Nyashimo na Lagangabilili, kazi hii kwa kawaida haisimami peke yake. Huwa tawi la kazi ya fundi pancha, fundi baiskeli au mchomeleaji. Wenyewe husema rimu kwa gari na ringi kwa baiskeli na pikipiki, ingawa mpaka huo hauheshimiwi sana.

Mazingira

Simiyu ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Magu ya Mwanza, na Itilima ikazaliwa ndani ya Bariadi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157. Ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji, na pamba ndiyo inayopanga kalenda ya fundi. Msimu wa ununuzi hufunguliwa kwa kawaida mwezi Mei. Hapo malori huanza kuzunguka kwenye maghala ya vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) kuchukua pamba ya kupeleka viwanda vya kuchambulia, na mkulima aliyelipwa huikumbuka baiskeli yenye gurudumu linalocheza. Kabla ya hapo kazi ya mkopo ni jambo la kawaida.

Udongo nao una mchango wake. Mabonde ya mkoa yana udongo mweusi wa mfinyanzi unaoitwa mbuga. Ukilowa hunasa lori hadi kwenye ekseli. Ukikauka, nyayo za magurudumu hubaki ngumu kama tofali. Hata hivyo barabara mbovu siyo adui mkubwa wa rimu kama inavyodhaniwa, kwa kuwa dereva aliye matopeni huenda polepole. Barabara ya Lamadi hadi Bariadi, yenye urefu wa kilometa 71.8, iliwekwa lami katika muongo wa 2010, na ile ya kutoka Mwigumbi kupitia Maswa ikafuata. Mwendo ukapanda. Tuta lisiloonekana usiku, shimo moja katikati ya lami nzuri, au ukingo wa lami uliosimama kama ngazi juu ya bega la barabara hupinda rimu kwa pigo moja.

Chimbuko: ringi ya baiskeli

Mizizi ya ufundi huu iko kwenye baiskeli. Usukumani baiskeli imebeba maji, kuni, mkaa, magunia ya mpunga, marobota, bibi harusi na wagonjwa. Raleigh za Uingereza zilitangulia. Baadaye Phoenix za China zikatawala. Zote ni baiskeli nzito zenye ringi za chuma za inchi 28, na kwa mtindo wa Raleigh ringi ya mbele ina tundu 32 na ya nyuma 40, kwa sababu mzigo hukaa nyuma.

Kunyoosha ringi ya spoku ni ufundi wa kuvuta na kulegeza, nyundo huja mwisho. Fundi huigeuza baiskeli miguu juu, huzungusha gurudumu, kisha hushika chaki karibu na ringi huku mkono ukiegemea uma. Pale ringi inapotoka nje ya mstari chaki huacha alama. Ikiwa imeelekea kulia, spoku zinazotoka upande wa kushoto wa haba hukazwa na za kulia hulegezwa, nusu mzunguko kwa mara moja, na gurudumu huzungushwa tena. Anayekaza kwa pupa hulirudisha gurudumu likiwa na umbo la yai. Fundi mzoefu hupiga spoku kwa ukucha na kusikiliza: iliyolegea hutoa mlio mzito, iliyokazwa mlio mwembamba, na gurudumu zuri hulia sauti moja upande mzima. Vifaa vyote vya kazi hii huenea kwenye kopo la rangi: ufunguo wa spoku, koleo, spoku za akiba, tupa na mafuta. Hakuna biashara ya ufundi inayoanza kwa mtaji mdogo kuliko huo, na mafundi wengi wa magari wa mkoa walianza wakiwa vijana wa kuzungusha gurudumu.

Pikipiki ziliiongezea kazi hiyo uzito. Kanuni za mwaka 2010 chini ya SUMATRA zilitambua bodaboda kuwa chombo cha abiria, na usimamizi huo ukahamia LATRA mwaka 2019. Boxer, TVS na SanLG nyingi zina ringi za inchi 17 au 18 zenye spoku 36. Kanuni ni zilezile za baiskeli, isipokuwa spoku ni nene na makosa ni ghali: ringi iliyobeba mshikaki wa abiria wawili na gunia hupinda na kuota ufa kwenye tundu za spoku. Ringi za pikipiki za kumiminwa, zisizo na spoku, hazinyooshwi kwa njia hii.

Rimu za gari

Rimu ya chuma huundwa kwa mviringo wa bati nene uliochomelewa kwenye sahani yenye tundu za bolti. Chuma hupinda kabla ya kuvunjika, na mdomo uliobonyea hurudishwa kwa nyundo juu ya fuawe. Kasoro zinazoletwa zaidi ni mbili: mdomo uliopigwa, na kutu kwenye kikalio cha tairi inayovujisha upepo taratibu. Ya pili haihitaji kunyoosha chochote. Tairi hubanduliwa, kutu huondolewa kwa burashi ya waya na msasa, rangi hupakwa nyembamba, tairi hurudishwa. Mteja ambaye amezibiwa pancha mara nne kwa upepo uleule mara nyingi alihitaji kazi hii tu.

Rimu za spoti ni za aloi ya aluminiamu. Nyingi huwa za aina ijulikanayo kama A356, yenye silikoni takribani asilimia 7 na magnesiamu kidogo, na kiwandani hupikwa kwa hatua ili zipate ugumu wake. Hatua ya mwisho ya upishi huo huwa kwenye joto la nyuzi 150 hadi 170 hivi za Selsiasi. Fundi anayeelekeza moto wa gesi kwenye rimu hiyo hadi ilainike anafuta kazi ya kiwanda, na hataona dalili, maana aluminiamu haigeuki nyekundu kama chuma. Rimu hutoka imenyooka, inang'aa, na ni laini kuliko ilivyoingia. Rimu za spoti zilizopinda kidogo hunyooshwa kwa mashine ya kusukuma polepole, zikiwa za uvuguvugu tu.

Nyufa zina sheria yake. Ufa mfupi kwenye mdomo wa ndani huchomelewa na baadhi ya mafundi kwa mashine ya argoni, baada ya kuuchimba hadi mwisho wake. Ufa kwenye mkono wa rimu, au unaopita kwenye tundu la bolti, hauchomelewi. Vivyo hivyo kwa rimu ya chuma iliyopasuka kuzunguka tundu za bolti. Viwanda hupima rimu za magari madogo kwa majaribio ya uchovu ya kiwango cha ISO 3006. Chini ya mwarobaini jaribio hilo halifanyiki, kwa hiyo kukataa ni sehemu ya ufundi. Mafundi wanaokataa hupoteza mteja wa siku hiyo, naye huvuka barabara na kuchomelewa kwa jirani.

Vipimo havibadilishwi kwa kukisia. Rimu iliyoandikwa 6J × 15 ina upana wa inchi 6 na kipenyo cha inchi 15. Toyota Noah hutumia bolti tano kwenye duara la milimita 114.3, Probox nne kwenye milimita 100, Hilux inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne sita kwenye milimita 139.7. Kutanua tundu kwa grinda ili rimu ya gari jingine iingie ni kosa ambalo halina kisingizio.

Vifaa vya karakana

Karakana ya kuanzia huhitaji kompresa, jeki imara na stendi zake, mitaimbo ya kubandulia tairi, nyundo za uzito mbalimbali pamoja na ya mpira, fuawe, burashi za waya, msasa, geji ya upepo na spana za gurudumu. Wengi hutumia kipande cha reli kama fuawe, na kwa hakika hakuna fuawe ya bei rahisi iliyo bora zaidi. Ila reli inapita Malampaka wilayani Maswa, na kipande kisicho na risiti kinaweza kumfikisha mwenye karakana mahakamani kabla hakijanyoosha rimu ya pili.

Hatua inayofuata ni mashine ya kuchomelea ya umeme, grinda, na mashine ya kubandulia tairi, ambayo huokoa midomo ya rimu za spoti dhidi ya makovu ya mitaimbo. Kisha balansi. Hapa wanaoanza hukosea mpangilio: hukimbilia mashine ya kunyooshea kabla ya mashine ya kupimia. Bila balansi, au angalau ekseli iliyosimikwa yenye geji ya sindano, fundi hajui kama rimu imenyooka au imependeza tu. Mpotoko wa milimita moja hivi ndio mpaka wa kawaida kwa gari dogo, na jicho halioni milimita moja kwenye kitu kinachozunguka.

Mashine ya kunyooshea yenyewe ni fremu nzito ya chuma, kitovu cha kufungia rimu, na mkono wa hidroliki unaosukuma mdomo kutoka ndani. Zinazoagizwa hutoka zaidi Uturuki na China, na kubwa huja na kerezo ya kuchongea uso wa rimu. Kabla ya kuagiza ni lazima kuuliza umeme: mota nyingi za mashine hizi hutaka njia tatu, na maombi ya njia tatu TANESCO ni gharama ya pekee. Mchomeleaji hodari anaweza kuunda fremu hiyo kwa vyuma vya lori na jeki ya chupa ya tani 10 au 20. Haipendezi, lakini kwa rimu za chuma inatosha.

Kufungua biashara

Mwanzilishi huanza na namba ya mlipa kodi kutoka TRA, kisha leseni ya halmashauri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara ya 1972. Kwa Bariadi mjini ni Halmashauri ya Mji. Anayetaka jina la biashara hulisajili BRELA. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya shilingi 20,000, vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, viliwafaa mafundi wa kiwango cha chini. Sehemu za kazi husajiliwa pia OSHA, hatua inayorukwa na gereji bubu karibu zote.

Mtaji hutoka zaidi kwenye pamba, ng'ombe aliyeuzwa, au VICOBA. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya 1973, hukopesha pia na kutoa mafunzo. VETA ina utaratibu wa kupima na kutunuku cheti fundi aliyejifunzia mtaani, bila kumrudisha darasani miaka miwili. Spana boi wengi, yaani vijana wanaojifunzia gereji, hawaujui.

Eneo zuri ni karibu na stendi, mizani au njia ya malori, lakini siyo ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu hifadhi hiyo ina upana wa meta 60, thelathini kila upande kutoka katikati, na banda lililojengwa humo hupigwa X nyekundu bila fidia.

Usalama

Hatari kubwa zaidi iko kwenye rimu za vipande za malori, zenye ringi ya chuma inayofungia tairi. Ringi hiyo ikikaa vibaya, upepo ukipanda huruka kwa nguvu ya kuua. Dawa ni kizimba cha vyuma, au walau mnyororo uliozungushwa gurudumu, mpira mrefu wa upepo wenye geji, na mjazaji kusimama pembeni. Tairi haijazwi rimu ikiwa imetoka kuchomelewa, wala rimu haichomelewi tairi ikiwa juu yake.

Hali ya sasa

Maonesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020, na yaliwaletea mafundi wa mji magari mengi kwa siku chache. Ushindani mkubwa ni rimu za mtumba, ambazo mara nyingine bei yake hukaribia gharama ya matengenezo. Rimu za chuma zinazokataliwa huuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu. Baadhi hufungwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe, ambako mpindo haumsumbui mtu, na za malori hutundikwa mtini kuwa kengele za shule.