Gari la fowili likitoa mlio wa ajabu: sikiliza kwanza, spea baadaye

Katika vijiji vingi gari moja la fowili ndilo linalobeba magunia kwenda mnadani na mama mjamzito usiku wa mvua. Likianza kulia huko chini, wapo wanaokimbilia kununua difu kwa fedha nyingi, kumbe kilichokufa ni krosi. Na wapo wanaoongeza sauti ya redio na kuendelea na safari. Hao ndio wanaojiweka hatarini zaidi.

Mlio hautaji jina la spea, lakini huonyesha unatokea wakati gani. Dereva anayeweza kujibu maswali haya humpunguzia fundi kazi na hujipunguzia gharama.

Je, mlio unafuata injini au mwendo wa gari?
Tafuta barabara tambarare isiyo na watu. Gari likiwa kwenye mwendo wa wastani, kanyaga klachi, toa gia, uliache liserereke kidogo bila kuzima injini. Mlio ukikatika hapohapo, anza kuangalia injini, klachi na giaboksi. Ukiendelea na kupungua polepole pamoja na gari, angalia propela shafti, krosi zake, difu na beringi za magurudumu.

Je, unapigapiga haraka au taratibu?
Katika magari mengi ya aina hii, propela shafti huzunguka karibu mara nne wakati gurudumu linazunguka mara moja. Kwa hiyo mlio wa "chwi-chwi-chwi" wa harakaharaka hata gari likienda polepole huelekeza kwenye krosi iliyokauka grisi. Mgongo wa taratibu unaolingana na gurudumu huelekeza kwenye tairi, breki au beringi. Kagua tairi kwanza, kwani huenda ni jiwe tu limenasa.

Je, unabadilika ukikanyaga au kuachia mafuta?
Mvumo unaoongezeka ukikanyaga na kubadilika ukiachia mara nyingi hutoka kwenye meno ya difu. Kishindo kimoja cha "ta!" unapoondoka au unapoingiza rivasi ni dalili ya krosi iliyolegea.

Je, unabadilika kwenye kona?
Ukikata kushoto, uzito hulalia upande wa kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku beringi ya gurudumu la kulia. Ukikata kulia, ni kinyume chake. Mlio wa "ka-ka-ka" usukani ukiwa umekatwa sana na fowili imeingizwa huelekeza kwenye jointi za ekseli ya mbele.

Magari yenye habu za kufunga kwa mkono yana kipimo kingine rahisi. Toa fowili, zungusha habu zote mbili za mbele hadi FREE, kisha endesha. Sasa propela ya mbele na difu ya mbele hazizungushwi. Mlio ukipotea, tafuta ubovu mbele.

Mlio usio ubovu
Ukiendesha kwenye lami kavu huku fowili imeingizwa, gari linaweza kukwaruza, kuruka na kufanya usukani mzito kwenye kona. Magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, lakini fowili ya kawaida huzilazimisha propela zote mbili kuzunguka sawa. Kwenye tope tairi huteleza na kulegeza mkazo, kwenye lami haziwezi. Toa fowili. Lever ikigoma, rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka.

Ukaguzi wa dakika kumi
Egesha mahali tambarare, zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha toa gia. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Shika propela, itikise na kuizungusha huku na huku. Kucheza kidogo kunakotoka ndani ya difu ni kawaida, lakini krosi yenyewe haipaswi kucheza. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake ni ishara kwamba imekauka.

Kama gari limevuka mto wenye kina, mwombe fundi aangalie oili ya difu. Difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi hupoa ghafla na inaweza kuvuta maji ndani. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imwagwe na kubadilishwa mara moja, kabla beringi hazijaliwa na kutu.

Simama lini?
Krosi ikicheza, gurudumu likiyumba au habu ikiwa ya moto kuliko nyingine zote, shusha abiria. Propela ikikatika mbele inaweza kuchimba ardhi na kulipindua gari. Krosi ni spea ndogo, na bei yake haifikii hata kidogo ya difu, wala ya maisha ya aliyekaa nyuma.