Mifumo huria ya uendeshaji wa simu

Mifumo huria ya uendeshaji wa simu ni programu za msingi za simu janja ambazo msimbo wake chanzo umewekwa wazi, ili mtu yeyote aweze kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza kwa masharti ya leseni yake. Hutumika badala ya mifumo miwili iliyotawala soko la dunia, yaani Android inayouzwa pamoja na huduma za Google, na iOS ya kampuni ya Apple. Inayojulikana zaidi ni LineageOS, /e/OS, GrapheneOS, Ubuntu Touch na postmarketOS.

Nchini Tanzania si kawaida kuikuta mifumo hiyo ikiuzwa madukani. Hata hivyo jambo lenyewe linawagusa watu wengi, kwa sababu simu ya bei nafuu huachwa mapema na mtengenezaji wake: haipati tena masasisho ya usalama, na baada ya muda programu muhimu hukataa kufanya kazi ndani yake. Tarehe 1 Januari 2025, kwa mfano, WhatsApp iliacha kuhudumia simu zenye Android 4.4 na matoleo ya nyuma yake. Kioo kizima, betri inashika chaji, lakini simu imekwisha kazi. Mfumo huria unaweza kuirefushia maisha simu kama hiyo, ila si kila simu inaukubali, na sababu zake zimeelezwa hapa chini.

== Je, Android ni huria? ==

Swali hili huwachanganya wanafunzi, maana majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Android ilitangazwa tarehe 5 Novemba 2007, miaka miwili baada ya Google kuinunua kampuni iliyoianzisha, na simu ya kwanza kuitumia, HTC Dream, ilitoka mwaka 2008. Kiini chake ni kerneli ya Linux, yenye leseni ya GPL toleo la 2. Leseni hiyo humtaka anayesambaza programu ampe mpokeaji haki ya kupata msimbo chanzo pia. Sehemu kubwa iliyobaki ina leseni ya Apache, isiyo na sharti hilo. Kwa hiyo kampuni yoyote inaweza kuuchukua msimbo wa Android, ikaubadilisha sura, ikauuza, na isimwonyeshe mtu mabadiliko iliyoyafanya.

Juu ya msingi huo huongezwa programu za Google: duka la Play Store, ramani, Gmail, pamoja na huduma za Google Play zinazofanya kazi chini kwa chini bila mtumiaji kuziona. Hizo si huria. Simu iliyopo dukani ni mchanganyiko wa matabaka hayo yote, na mnunuzi haoni moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi.

Mifumo mingi mbadala huchukua tabaka la chini la Android na kuliacha la juu. Mahali pa Play Store huwekwa F-Droid, duka la programu huria lililoanzishwa mwaka 2010. Programu kama WhatsApp, ambazo hazimo F-Droid, mtu anaweza kuzipakua kutoka tovuti ya mwenyewe.

== Historia ==

Jaribio la mapema lilikuwa mradi wa Openmoko, uliotoa simu ya Neo 1973 mwaka 2007. Haikupata wanunuzi wengi. Symbian, mfumo wa simu za Nokia zilizotamba Afrika Mashariki kabla ya Android, msimbo wake uliwekwa wazi mwezi Februari 2010. Ilikuwa imechelewa, kwani mwaka uliofuata Nokia ilitangaza kuhamia Windows Phone ya Microsoft.

Mafanikio yalitoka kwa watu wa kujitolea. Mwaka 2009 Steve Kondik, mtaalamu wa programu kutoka Marekani, alianza kutoa toleo lake la Android kwa ajili ya HTC Dream. Toleo hilo liliitwa CyanogenMod, likaenea katika simu za aina nyingi, na hatimaye likaundiwa kampuni. Kampuni ilipofunga huduma zake mwezi Desemba 2016, watengenezaji wa kujitolea waliuchukua msimbo na mwezi uleule wakaanza LineageOS, ambayo inaendelea hadi leo. Kama msimbo ungekuwa umefungwa, kazi ya miaka saba ingepotea.

Kutokana na LineageOS kulizaliwa /e/OS, iliyoanzishwa na Gaël Duval, Mfaransa aliyewahi kuunda Mandrake Linux. GrapheneOS husifiwa sana kwa usalama, lakini kwa miaka mingi imetengenezwa kwa ajili ya simu za Google Pixel pekee. Anayetaka kujitenga na Google huanza kwa kununua simu ya Google.

Mifumo mingine haitokani na Android. Ubuntu Touch ilitangazwa na kampuni ya Canonical mwaka 2013 na kuachwa mwaka 2017, kisha ikachukuliwa na jumuiya ya UBports. Mwaka huohuo wa 2017 ulianza mradi wa postmarketOS, ambao lengo lake ni simu idumu miaka 10. Sailfish OS ya kampuni ya Jolla, Ufini, ni huria kwa sehemu tu.

== Simu zinazotumika Dar es Salaam ==

Mtu akitembea Tandika au Mbagala upande wa Temeke, au Mwenge na Tegeta upande wa Kinondoni, simu nyingi atakazoziona mikononi mwa watu ni Tecno, itel na Infinix. Zote tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, China, na nyingi zina chipu za MediaTek au Unisoc. Hapo ndipo ugumu ulipo. Ili mfumo mpya uwashe kamera, redio ya mtandao na kioo cha kugusa, unahitaji viendeshi vya chipu husika na msimbo wa kerneli ya simu hiyo. Watengenezaji wa simu za bei ya chini mara nyingi hawautoi msimbo huo, ingawa leseni ya GPL inawataka wautoe. Orodha ya simu zinazokubali LineageOS imejaa Google Pixel, Xiaomi, Samsung, Motorola na OnePlus. Simu anayoweza kuimudu mwanafunzi wa Mbagala ni nadra kuwamo.

Njia iliyopunguza tatizo hilo ilitoka kwa Google yenyewe. Kuanzia Android 8.0 ya mwaka 2017, sehemu ya viendeshi ilitenganishwa na sehemu ya mfumo. Kwa utaratibu huo mfumo mmoja wa jumla unaweza kuwekwa katika simu nyingi tofauti, zikiwemo za Transsion, hata kama hakuna aliyeutengenezea toleo lake mahususi. Matokeo hutofautiana: simu moja hufanya kazi vizuri, nyingine hupoteza redio ya FM, alama ya kidole au mwito wa sauti kupitia 4G.

Sharti la kwanza ni kufungua butiloda, yaani programu ndogo inayoamsha simu na kukagua mfumo unaotaka kuwaka. Baadhi ya watengenezaji huruhusu, wengine hukataa kabisa. Kuifungua hufuta kila kitu kilichomo kwenye simu, picha na namba pia, hivyo nakala rudufu hutangulia.

== Huduma za fedha ==

Watu wengi huuliza kwanza kama simu yenye mfumo mbadala itaweza kutuma pesa. M-Pesa ya Vodacom, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, hupatikana kwa kupiga *150*00#. Airtel Money ni *150*60#. Na *150*01# ni ya Tigo Pesa, ambayo sasa inaitwa Mixx by Yas. Menyu hizo ni za USSD: maandishi yanatoka kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na simu huyaonyesha tu. Kwa hiyo hufanya kazi katika LineageOS na ndugu zake kama zinavyofanya kazi katika kitochi. Katika mifumo isiyotokana na Android, USSD ni jambo la kujaribu kwanza kabla ya kuhamishia laini yako ya kila siku.

Programu za benki ni habari nyingine. Baadhi yake huiuliza Google kama mfumo wa simu ni ule wa kiwandani, na jibu likiwa hapana, hukataa kufunguka.

== KaiOS na kitochi ==

Tawi moja la mifumo huria lilifika kwa wanunuzi wa kawaida Tanzania. Mwaka 2011 shirika la Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, lilianza mradi uliokuja kuitwa Firefox OS, ambao programu zake zote zilikuwa kurasa za wavuti. Simu za kwanza zilitoka mwaka 2013, na mwezi Desemba 2015 Mozilla ilitangaza kuacha kuziuza. Msimbo ulikuwa wazi, hivyo kampuni nyingine iliuchukua na kuunda KaiOS, kwa ajili ya simu za vibonye zenye intaneti. Vodacom Tanzania iliuza simu ya aina hiyo kwa jina la Smart Kitochi. Jina lilichaguliwa vizuri: kitochi ni simu ndogo yenye tochi ambayo kila kaya inaijua.

KaiOS yenyewe si huria kikamilifu, na wenye simu hizo walikuja kuona madhara ya kutegemea kampuni chache. Mwezi Juni 2024 WhatsApp iliondolewa katika duka la programu la KaiOS, na huduma yake kwa waliokuwa nayo ilipangwa kukoma mapema mwaka 2025. Simu haikuharibika, lakini kwa aliyeinunua kwa ajili ya WhatsApp, imerudi kuwa kitochi.

== Kubadilisha mfumo na namba ya IMEI ==

Mafundi simu wa mitaani huita kazi hii *kuflashi*, na wengi wao wanaimudu, ingawa kwa kawaida hurudisha mfumo uleule wa kiwandani. Hatari kubwa katika simu za MediaTek ni kufuta kumbukumbu yote bila kuchagua. Sehemu inayohifadhi IMEI, namba 15 za utambulisho wa simu, hufutika pamoja na mengine, na simu hubaki bila mtandao. Namba hiyo huonekana kwa kupiga *#06#, na imeandikwa pia kwenye boksi.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisimamia kuzimwa kwa simu bandia, zilizotambuliwa kwa namba zao za IMEI. Kuibadilisha IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kubadilisha mfumo wa uendeshaji wa simu yako ni jambo tofauti na hilo, na fundi anayejua kazi yake huhifadhi kwanza nakala ya sehemu yenye IMEI kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

== Kiswahili ==

Programu huria ina faida moja ambayo haitajwi sana: haihitaji ruhusa ya mwenye mali ili kutafsiriwa. Mfano wa karibu ni wa kompyuta. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia mahesabu kwa Kiswahili. Watafsiri walilazimika kwanza kukubaliana juu ya istilahi, kisha wakaandika. Mifumo huria ya simu hutafsiriwa kwa njia hiyohiyo, na mtu yeyote anayejua lugha anaweza kujiunga bila kujua kuandika msimbo.

Android ina Kiswahili tangu zamani. Wengi wa wenye simu hawajawahi kukiwasha.