Kosa Lililojificha Kitakoni mwa Risasi

Mlenga shabaha anayejaza risasi zake mwenyewe huijua fadhaa hii: risasi tatu zinatua pamoja hata matundu yanagusana, ya nne inaangukia pembeni kabisa. Baruti ni ileile, imepimwa kwa mizani ileile, na bunduki haijaguswa. Kwa muda mrefu jibu lilikuwa jepesi: mkono ulitetemeka. Fani ya kulenga shabaha ilisonga mbele kwa sababu ya watu wachache waliolikataa jibu hilo.

Benjamin Robins, mwanahisabati Mwingereza, alilikataa kwa vipimo. Kitabu chake cha kanuni mpya za mizinga kilitoka mwaka 1742, enzi ambazo askari walibeba magobore yenye mitutu laini na kufyatua gololi za risasi. Robins alitundika mapazia ya karatasi nyembamba kwenye njia ya gololi, akafyatua, kisha akafuatilia matundu pazia baada ya pazia. Njia haikuwa imenyooka. Gololi ilikuwa ikijizungusha hewani, na mzunguko huo ndio uliokuwa ukiivuta upande. Ili kuthibitisha, aliupinda mtutu mmoja kushoto karibu na mdomo wake. Gololi ikatoka ikielekea kushoto, halafu ikajikunja kwenda kulia, kama alivyotabiri.

Dawa ilikuwa kuipa risasi mzunguko mmoja wa uhakika, kwa kuchonga mifuo ya msokoto ndani ya mtutu. Joseph Whitworth, fundi mashine wa Manchester, aliuboresha mtutu kwa usahihi wa kiwandani katika miaka ya 1850. Julai 2, 1860, bunduki yake ilifungwa kwenye kiegemeo cha chuma huko Wimbledon, Malkia Victoria akaifyatua kwa kuvuta kamba, na risasi ikapiga karibu na kitovu cha shabaha umbali wa yadi 400.

Lakini hata mtutu bora haukuimaliza ile risasi ya nne.

Aliyeiandama hadi mwisho alikuwa tabibu Mmarekani, Franklin Mann wa Milford, Massachusetts. Alipata fedha kwa mashine ya kusaga mifupa ya kulishia kuku, na fedha hizo zikamwezesha kufyatua risasi kwa miongo kadhaa. Aliuweka mtutu juu ya nguzo nzito ya saruji, bila bega wala jicho la mtu. Matundu yakaendelea kutawanyika. Hapo ndipo alipozigeukia risasi zenyewe, akaziharibu kwa makusudi. Zile alizozikwaruza ncha zilikwenda karibu vilevile. Zile alizoziharibu kitako zilipotea vibaya. Hakuna jaribio katika fani hii linaloridhisha kuliko hilo, maana macho ya kila mpigaji yalikuwa kwenye ncha. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1909.

Sababu inaeleweka ukiitazama risasi inapotoka mdomoni mwa mtutu. Ndani, chuma kinailazimisha izunguke katikati ya tundu hata kama uzito wake umeegemea upande mmoja. Ikitoka, hakuna tena kinachoishika, na ule uzito ulioegemea unaitupa pembeni. Mtutu ukiwa na msokoto wa mzunguko mmoja kwa kila milimita 254, kiini cha uzito kilichohama milimita 0.025 tu kinaipeleka risasi zaidi ya sentimita 6 kando, umbali wa mita 100. Na kitako kikiwa na upungufu upande mmoja, gesi ya baruti nayo inachomoka kwanza upande huo na kuisukuma risasi ikae mshazari.

Harry Pope, fundi mitutu mashuhuri aliyefanya kazi na Mann, alikuwa na njia ya kukikinga kitako hicho. Risasi iliingizwa kupitia mdomo wa mtutu, ganda lenye baruti likatiwa nyuma. Hivyo mifuo haikukiachia kitako kingo za madini yaliyokwanguliwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwisha mwaka 1945, Bruce Hodgdon wa Kansas alianza kuuza baruti ya ziada ya jeshi kwa bei nafuu, na kujaza risasi nyumbani kukaenea Marekani. Wengi wa wajazaji hao walianza, na bado huanza, kwa kubadili kipimo cha baruti. Wenye subira zaidi huizungusha kwanza kila risasi iliyokwisha kujazwa chini ya kipimo cha mshale, waone kama imekaa wima ndani ya ganda lake, na zile zinazoyumba huzitenga ziwe za mazoezi.